Maji kwa Mkupuo

Mtoto akiletwa ana homa, mikono na miguu imepoa, mapigo yanakimbia lakini ni dhaifu, na ukucha ukiubinya unakawia kurudisha rangi, mpe maji ya chumvi mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa mkupuo. Asipopata nafuu, rudia. Hiyo ndiyo kanuni niliyolelewa nayo katika utabibu wa watoto. Niliipokea kwa walionitangulia wodini, kisha nikaikuta kwenye mafunzo ya huduma za dharura kwa watoto ya Shirika la Afya Duniani, katikati ya miaka ya 2000, nilipokuwa nikisomea udaktari msaidizi. Tuliijua kwa moyo. Hakuna aliyetuambia ilitoka wapi, na hakuna aliyeuliza.

Nilimaliza chuo cha matabibu mwaka 1998 nikapangiwa hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na wodi ya watoto ikawa ndiyo kazi yangu ya maisha. Miaka ile, masika yakishapita, vitanda havikutosha. Watoto wawili walilala kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwenzake kichwa kule, mama zao chini kwenye mikeka. Klorokwini ilikuwa imeshindwa kazi. Mwaka 2001 nchi ikahamia dawa ya SP, na miaka michache baadaye ikaja dawa mseto. Kwa malaria kali tulikuwa na kwinini ya dripu. Watoto walikuja na degedege, wengine viganja vimekuwa vyeupe kwa kukosa damu, wengine wakihema kwa kina na kifua kikibonyea. Usiku zamu ilikuwa ya tabibu mmoja na muuguzi mmoja, na daktari mwenye digrii yuko nyumbani kwake akisubiri kuitwa. Nalisema hili mapema kwa sababu mijadala mingi ya tiba huzungumzwa kana kwamba kando ya kila kitanda yuko daktari bingwa. Katika hospitali zetu za wilaya, anayempokea mtoto mahututi saa nane za usiku ni tabibu.

Nieleze jinsi mkupuo ulivyofanyika, maana asiyewahi kuushuhudia hawezi kuelewa kwa nini tuliupenda. Unaushika mkono wa mtoto, unauinua kidogo, unabinya ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, unaachia, unahesabu sekunde. Unapitisha mgongo wa kiganja chako kuanzia gotini kushuka hadi wayoni, ukitafuta pale joto linapoishia. Dalili zikiwepo, unatafuta mshipa. Hapo ndipo muda unapoliwa, kwa kuwa mishipa ya mtoto aliyepoa hujificha: utajaribu kiganjani, kwenye kiwiko, mguuni, na mwisho kichwani. Kanula ikishaingia, muuguzi anavuta maji kwa bomba la mililita 50 na kusukuma kwa mkono, bomba baada ya bomba. Mtoto wa kilo 10 anamaliza mabomba manne. Na mara nyingi ilionekana kusaidia. Miguu inapata joto, mtoto anafumbua macho, mama anatushukuru kwa machozi. Baadhi yao tuliwakuta alfajiri wamefariki, tukaandika kwenye faili kwamba malaria ilikuwa kali.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikitayarisha somo, ndipo nilipofuatilia chimbuko la kanuni hii. Mojawapo ya tafiti zilizokuwa zikitajwa kila mahali kuitetea ilichapishwa Marekani mwaka 1991. Ilihusu watoto 34 waliopata mshtuko, yaani mzunguko wa damu kushindwa, kwa sababu ya maambukizi makali ya damu, wote wakiwa katika uangalizi maalumu, wamewekewa hata mirija ya kupima shinikizo karibu na moyo. Waliopata maji mengi katika saa ya kwanza walipona zaidi. Haukuwa utafiti wa kugawa watoto kwa bahati nasibu na kulinganisha. Ulikuwa uchunguzi wa waliokwisha kutibiwa. Watoto 34, wenye mashine za kuwapumulia zikihitajika. Kutoka hapo na kwingineko kanuni ikasafiri, ikaingia kwenye miongozo, ikafika kwenye wodi isiyo na mashine hata moja ya kupumulia, na ilipofika ilikuwa imeshavuliwa mashaka yote.

Waliokuwa na ujasiri wa kuuliza walikuwa watafiti wa huku kwetu na wenzao wa Uingereza. Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kilifi, pamoja na Sarah Kiguli wa Makerere na wenzao, akiwamo George Mtove wa upande wetu wa Tanga, waliendesha utafiti ulioitwa FEAST kuanzia mwaka 2009. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza hapa Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipata mkupuo wa maji ya chumvi, la pili mkupuo wa albumini (protini ya damu), na la tatu halikupata mkupuo wowote. Lilipewa maji ya kawaida ya kulisha mwili polepole. Dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu vilitolewa kwa wote waliovihitaji.

Mimi sikuwa katika utafiti huo, lakini Muheza si mbali nasi na habari zake zilitufikia. Wengi wetu tulilitazama kundi la tatu kwa wasiwasi. Utamwachaje mtoto aliyepoa miguu bila kumpa maji? Lingine lililobishaniwa ni ridhaa. Mama ameshuka kwenye pikipiki na mtoto aliyelegea begani; hawezi kukalishwa asomewe kurasa za maelezo. Utaratibu uliokubaliwa na kamati za maadili ulikuwa kwamba katika dharura aelezwe kwa maneno machache na aulizwe kama anakubali au anakataa, kisha maelezo kamili na saini vifuate mtoto akishatulia. Wako waliosema hiyo si ridhaa ya kweli, na hoja yao ina uzito, kwa sababu mama aliye katika hofu anaweza kukubali chochote anachoambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Lakini nimelitafakari sana jambo hili na naona upande mmoja haukutazamwa. Sisi tuliokuwa nje ya utafiti tulikuwa tukisukuma mkupuo kila usiku bila kumuuliza mama neno lolote. Lililozoeleka halikuhitaji fomu. Katika utafiti mama aliambiwa, ingawa kwa ufupi, kwamba kuna jambo ambalo madaktari bado hawana uhakika nalo. Kwetu hakuambiwa, na sisi wenyewe hatukuwa na mashaka.

Walikusudia kufikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto ilisimamisha uandikishaji, wakati huo wakiwa 3,141 katika sehemu kuu ya utafiti. Matokeo yakachapishwa mwezi Mei mwaka huohuo. Kufikia saa 48, katika kundi la albumini walikuwa wamefariki asilimia 10.6, katika kundi la maji ya chumvi asilimia 10.5, na katika kundi lisilopewa mkupuo asilimia 7.3. Katika kila watoto mia, mkupuo uliondoka na watatu zaidi.

Kwetu habari hiyo ililetwa na daktari tarajali aliyekuwa akizunguka idara ya watoto. Aliichapa kutoka intaneti akaja nayo kwenye ripoti ya asubuhi. Alisoma takwimu taratibu, na alipomaliza, mkubwa wetu mmoja alisema kwa sauti ya mtu aliyeumia: "Mimi nimewaona kwa macho yangu wakifumbua macho." Hakuwa akitia chumvi. Sote tulikuwa tumewaona. Na hapo ndipo palipo na jambo gumu kuliko yote katika utafiti huu: uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kweli, baada ya saa moja, dalili za mshtuko ziliondoka kwa watoto wengi zaidi waliopewa mkupuo kuliko wasiopewa. Walionekana kupata nafuu, kisha wakafa zaidi. Kwa hiyo macho ya mkubwa wetu hayakumdanganya kuhusu saa ile ya kwanza. Hayakuweza kumwonyesha usiku mzima, wala kumlinganishia watoto elfu moja na elfu nyingine. Hakuna tabibu, hata awe hodari vipi, anayeweza kuona tofauti ya watatu katika mia kwa kusimama kando ya kitanda.

Kila mtu alitaka kujua sababu. Wengi tulidhani mapafu na ubongo vilijaa maji. Uchambuzi uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba sivyo ilivyokuwa hasa. Vifo vya ziada vingi vilikuwa vya moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Baadaye, mwaka 2019, uchambuzi mwingine ulionyesha kwamba mkupuo ulizidisha ugumu wa kupumua, ulizidisha tindikali katika damu na kuishusha damu yenyewe. Wapo wanaoamini kwamba miguu kupoa ni njia ya mwili kujilinda, unabana mishipa ya pembeni ili damu ibaki kwenye viungo muhimu, na sisi kwa mkupuo tunauvunja ulinzi huo. Mjadala huo haujafungwa.

Kutoka Ulaya na Marekani zilikuja pingamizi: hawa ni watoto wa Afrika, zaidi ya nusu walikuwa na malaria, theluthi hivi walikuwa na damu chini ya gramu 5 kwa desilita, na hospitali hazina vyumba vya uangalizi maalumu, kwa hiyo matokeo hayawahusu wengine. Hoja ya vyumba vya uangalizi naielewa. Lakini madhara yalionekana vilevile kwa watoto wasio na malaria na kwa wenye damu ya kutosha. Na hata kama pingamizi lingekuwa sahihi, je, sisi si tuna watoto wenye malaria na upungufu wa damu, na hospitali zisizo na uangalizi maalumu? Utafiti uliofanywa kwa watoto kama wetu, katika wodi kama zetu, ndio unaotuhusu kuliko ule wa watoto 34. Mwaka 2017 madaktari wa Lusaka walichapisha utafiti wa watu wazima wenye maambukizi makali ya damu na shinikizo lililoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema walifariki asilimia 48, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33. Tulipousoma huo hapakuwa tena na wa kusema watoto wa FEAST walikuwa bahati mbaya.

Linganisha na dawa ya atesuneti. Novemba 2010, miezi michache tu kabla ya matokeo ya FEAST, ulichapishwa utafiti mkubwa wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Waliochomwa atesuneti walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshapendekeza atesuneti kwa watoto. Tofauti ya vifo ilikuwa ndogo kuliko ile ya FEAST, lakini ilikuwa habari ya kutoa kitu kipya. FEAST ilikuwa habari ya kuacha. Kitabu cha mfukoni cha shirika hilo kuhusu huduma za watoto hospitalini, toleo la 2013, bado kilikuwa na mkupuo. Mwongozo ulibadilishwa mwaka 2016: mtoto mwenye dalili zote tatu za mshtuko, yaani mikono na miguu ya baridi, ukucha unaokawia zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya haraka, apewe maji mililita 10 hadi 20 kwa kilo, taratibu, kwa nusu saa hadi saa nzima, asiye na zote tatu asipewe maji ya haraka. Miaka mitano. Ninaposema mafunzo yetu yana tatizo, naanzia hapo: tunafundishwa kutenda, na anayetenda huonekana anajali. Kumwambia tabibu kijana asimame kando ya mtoto mahututi, asisukume kitu, bali apime kila nusu saa, ni kumwambia avumilie kuonekana mzembe.

Na watu wanakuona. Namkumbuka bibi mmoja aliyeleta mjukuu wake wa miaka miwili kutoka vijiji vya juu. Damu ya mtoto ilikuwa imeshuka mno, tulikuwa tumeshamchoma atesuneti na tunasubiri damu kutoka maabara. Kitanda cha jirani mtoto mwenye kuharisha alikuwa na dripu. Bibi akanifuata mezani. "Mwanangu, mbona mwenzake katundikiwa maji na huyu wangu hamna?" Nikamwamkia, nikamketisha, nikamwambia: "Bibi, mjukuu wako hajakaukiwa maji. Damu ndiyo imekwisha. Nikimjaza maji, ile kidogo iliyobaki nitaizimua." Akanitazama kwa muda. "Basi kaitafuteni hiyo damu," akasema, akaenda kumwita mjomba wa mtoto aliyekuwa nje ili naye akatolewe damu.

Alielewa upesi kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Kwa watoto wa namna ile kinachookoa ni damu, na damu nayo ina maswali yake. Timu ileile ya FEAST ilikwenda kuyauliza Uganda na Malawi, na majibu yaliyotoka mwaka 2019 kuhusu kiasi cha kuongeza yaligawanyika kulingana na kama mtoto ana homa au hana. Ndivyo utafiti mzuri ulivyo, unakuachia swali dogo zaidi kuliko ulilokuja nalo.

Nilipohamia kufundisha kwenye chuo cha matabibu nilikuta hatari ya upande wa pili. Wanafunzi walikuwa wamesikia juujuu kwamba maji yanaua. Mmoja, kijana mwenye bidii, aliniambia kwenye raundi kwamba mtoto aliyeharisha siku tatu, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi, asipewe maji ya mshipa "kwa sababu ya FEAST". Nilisimamisha raundi. Watoto wenye kuharisha hawakuwamo katika utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto aliyepoteza maji kwa kuhara anahitaji kurudishiwa, na akicheleweshwa atakufa mikononi mwako. Utafiti unajibu swali lililoulizwa, kwa watu waliochunguzwa. Anayebeba jibu bila swali lake hatofautiani na sisi tuliobeba kanuni ya mililita 20.

Kwa hiyo nikaanza kufundisha kanuni pamoja na chimbuko lake. Kila mwanafunzi wangu anayetaja kipimo chochote wodini lazima aweze kueleza kilijaribiwa kwa nani na nani aliachwa nje. Wenzangu waliniambia muda hautoshi, mtaala umejaa, na tabibu hahitaji habari za watafiti, anahitaji kujua la kufanya. Tulibishana kweli. Mwaka mmoja mtihani wa vitendo ulikuja na karatasi ya kusahihishia ambayo bado ilitoa alama kwa kumsukumia mkupuo mtoto mwenye homa na miguu baridi, na mwanafunzi aliyefuata mwongozo mpya alikuwa apoteze alama. Niligoma kusahihisha mpaka karatasi ile ibadilishwe, na ilibadilishwa. Kuna watakaoona nilikuza jambo dogo. Mwanafunzi hukumbuka kilichompa alama. Atakuwa nacho zamu yake ya kwanza ya usiku, peke yake, akiwa na bomba la mililita 50 mkononi.

Ubishi ulionigusa zaidi siku hizi ni wa oksijeni. Hospitali zetu zina mashine chache za oksijeni na umeme unaokatika. Kipimo kinachobanwa kidoleni kinatuonyesha asilimia, na mwongozo unasema chini ya 90 mpe. Lakini mtoto mwenye 85 anafaidika kiasi gani, na mashine ikimshughulikia yeye, mwenye 76 atapata nini? Watafiti wa Uganda na Kenya pamoja na Maitland walianza kuuliza hilo kwa utafiti ulioitwa COAST, uliokusudia watoto 4,200. Kwa wale wa asilimia 80 hadi 91, wengine walipewa oksijeni mara moja na wengine wakasubirishwa kwa uangalizi wa karibu, wakipewa kama imeshuka chini ya 80. Lawama zikawa nyingi kutoka nje kwamba ni ukatili kumnyima mtoto oksijeni, imani ya watu ikayumba, na mwaka 2020 utafiti ukasimamishwa ukiwa na watoto zaidi ya 1,800, ingawa kamati yake ya usalama ilishauri uendelee. Majibu yaliyopatikana hayakutosha kuamua.

Waliolaumu walikuwa na nia njema, na mtu anayemwonea uchungu mtoto asiye na hewa ni mwenzangu. Lakini mimi niliumia utafiti ule uliposimama. Angalau katika utafiti kila mtoto aliyesubirishwa alikuwa na mtu wa kumpima mara kwa mara na oksijeni ya kumpa ikishuka. Kwetu, usiku wenye mashine mbili na watoto watano, tabibu anagawa kwa kukadiria, na watatu wanaosubiri hawaandikwi popote, wala hakuna kamati inayohesabu vifo vyao. Wanafunzi wangu huniuliza wafanye nini. Nawaambia waanze na aliye chini kabisa, wapime wengine kila nusu saa, waandike kila namba na saa yake kwenye faili, na asubuhi walete faili zote tano kwenye ripoti, za walionusurika na za waliofariki, tuzisome moja baada ya nyingine.